Kuandaa Modeli ya Sungura kwa Utafiti wa Maambukizi Sugu ya Mfupa

Mwongozo huu unawahusu watafiti na wanafunzi wa shahada za juu, wawe wa tiba ya binadamu, famasia au tiba ya mifugo, wanaokusudia kupima dawa, saruji ya mfupa yenye antibayotiki au mbinu ya upasuaji dhidi ya maambukizi sugu ya mfupa kabla ya kuifikisha kwa wagonjwa. Katika hospitali za Afrika Mashariki ugonjwa huu, ambao kitaalamu huitwa osteomielitisi sugu, huonekana zaidi katika sura mbili: mtoto ambaye homa na maumivu ya mguu hayakutibiwa mapema mpaka usaha ukajitobolea njia kwenye ngozi, na mtu mzima aliyevunjika muundi katika ajali ya pikipiki, mfupa ukatokeza nje na kuchafuka. Sungura amechaguliwa hapa kuwa modeli kuu, yaani mnyama anayeambukizwa kwa makusudi ili ugonjwa wake ufanane na wa mtu, kwa sababu ana historia ndefu katika utafiti wa aina hii, hapatikani kwa shida katika nchi zetu, na mfupa wake ni mkubwa kiasi cha kuruhusu upasuaji halisi bila gharama ya kutunza kondoo au nguruwe.

Kasoro kubwa ya kazi nyingi za namna hii ni kwamba mtafiti hupandikiza bakteria leo, huanza dawa kesho, kisha hutangaza kwamba ametibu maambukizi sugu, ilhali alichokifanya ni kuzuia maambukizi yasishike. Kwa hiyo hatua zote zinazofuata zimepangwa kwa kuzingatia sharti moja, nalo ni kuthibitisha usugu kabla ya kuanza tiba.

Hatua ya kwanza: andika swali, na ueleze unachokiita sugu

Kabla ya kufikiria mnyama, andika kwa sentensi moja unachotaka kujua. Swali la kinga huuliza kama dawa iliyowekwa wakati wa upasuaji inazuia bakteria kushika, na swali la tiba huuliza kama bakteria waliokwisha kushika wanaweza kuondolewa. Swali la chanzo cha ugonjwa huuliza jinsi bakteria wanavyoupenya mfupa na kuukwepa mfumo wa kinga. Kila swali lina muda wake, makundi yake na kipimo chake cha mwisho, na modeli moja haiyatoshelezi yote.

Amua pia njia ya maambukizi. Ikiwa unachunguza ugonjwa wa watoto unaosafiri kwa damu, kupachika bakteria moja kwa moja katika uboho hakutakujibu. Utahitaji njia ya mshipa, na hapo nguruwe wachanga na kuku wametoa matokeo yanayofanana zaidi na ya mtoto kuliko sungura aliyekomaa. Ikiwa unachunguza mivunjiko iliyo wazi au vyuma vilivyoambukizwa, njia ya moja kwa moja ndiyo inayofaa, na mwongozo huu umejengwa juu yake.

Usugu wenyewe haupimwi kwa kalenda pekee. Kinachoutofautisha na ugonjwa wa awali ni mfupa mfu uliotengwa na damu, yaani sekwestra, ambao mara nyingi huzungukwa na ganda la mfupa mpya liitwalo involukramu, pamoja na bakteria waliojificha ndani ya utando wa ute wanaoujenga juu ya mfupa huo au juu ya chuma. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walionyesha kwa hadubini ya elektroni kwamba bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, ambaye kipenyo chake hukaribia mikromita 1, anaweza kujibana na kuingia katika vijifereji vya mfupa vilivyo vyembamba kuliko yeye mwenyewe. Chembe nyeupe za damu hazifiki humo, na dawa hufika kwa shida. Andika katika pendekezo lako ni dalili zipi kati ya hizi lazima zionekane ili umhesabu mnyama kuwa na ugonjwa sugu. Uainishaji wa Cierny na Mader wa mwaka 1985, unaotenganisha maambukizi ya uboho, ya juu juu, ya sehemu moja na yaliyoenea mfupa mzima, unafaa kutumika hapa ili daktari wa mifupa atakayesoma kazi yako ajue unamzungumzia mgonjwa wa aina gani.

Hatua ya pili: linganisha mnyama na swali

Panya wadogo wa maabara ni wa bei nafuu, wana koo zenye jeni zinazojulikana, na wanaweza kuambukizwa kwa bakteria wanaotoa mwanga ili mtafiti afuatilie ugonjwa bila kuua mnyama kila wiki. Hata hivyo mfupa wao hauna mpangilio wa mifereji ya Havers, yaani mifereji midogo inayopitisha mishipa ya damu ndani ya mfupa, kama ulivyo wa binadamu, na kuna jambo jingine lisilosemwa vya kutosha: baadhi ya sumu za Staphylococcus aureus, ikiwemo ile ya Panton na Valentine, huzishambulia chembe za binadamu na za sungura lakini hazizidhuru za panya. Mtafiti anayepima nafasi ya sumu hiyo kwa kutumia panya anaweza kuhitimisha kwamba haina kazi, kumbe amechagua mnyama asiyeihisi. Panya wakubwa wa maabara wako katikati; wanavumilia upasuaji na wamekwisha kutumika sana. Buku wa Morogoro wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu ni mnyama mwingine kabisa, wala hawawi mbadala kwa sababu tu wanapatikana karibu.

Kondoo, mbuzi na nguruwe wafikiriwe pale kifaa kinachopimwa ni cha ukubwa wa binadamu, kwa mfano msumari wa ndani ya mfupa, au pale unapohitaji mfupa unaojijenga upya kwa kasi inayokaribia ya mtu. Mbwa alitumika sana zamani. Leo ni vigumu kuishawishi kamati ya maadili, na ni sawa iwe hivyo.

Kwa sungura, chagua aina ya New Zealand weupe kutoka kwa mfugaji mmoja, wa jinsia moja au waliogawanywa sawasawa, wenye umri wa zaidi ya miezi 6, na uhakikishe kwa eksirei kwamba sahani za ukuaji, yaani sehemu za gegedu ambako mfupa hurefukia, zimefunga. Sungura anayekua hujenga mfupa kwa kasi inayoweza kuficha athari ya dawa. Wanyama watengwe kwa angalau wiki 2 kabla ya kazi, wachunguzwe mafua ya bakteria wa Pasteurella na vimelea vya utumbo viitwavyo koksidia, kwa sababu maradhi hayo mawili ni ya kawaida katika mabanda yetu na huweza kuua mnyama katikati ya jaribio na kukuachia takwimu zisizosomeka.

Hatua ya tatu: vibali, na njia za kupunguza wanyama

Misingi ya Russell na Burch ya mwaka 1959, yaani kubadilisha wanyama kwa njia nyingine, kupunguza idadi yao na kuboresha hali yao, isiwe aya ya kujazia fomu. Dawa ambayo haikuua bakteria ndani ya utando wao katika sahani ya maabara haina sababu ya kupelekwa kwa sungura. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, na utafiti huhitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Nchini Uganda utafiti husajiliwa na UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia. Kibali cha kamati ya maadili ya chuo kitangulie hayo yote, na jina la daktari wa mifugo atakayewajibika liandikwe ndani ya pendekezo, pamoja na mamlaka yake ya kumtoa mnyama katika jaribio bila kusubiri ruhusa ya mtafiti.

Hatua ya nne: bakteria na kiasi chake

Tumia aina yenye historia inayojulikana. UAMS-1, iliyotolewa kwa mgonjwa wa osteomielitisi na kuhifadhiwa katika mkusanyiko wa ATCC, hifadhi ya vijidudu iliyoko Marekani, kwa namba 49230, imetumika katika kazi nyingi na hivyo matokeo yako yataweza kulinganishwa na ya wengine. Ukitaka kutumia bakteria wa hospitali yako, pima kwanza usikivu wao kwa dawa, uwezo wao wa kujenga utando na wa kuvunja chembe nyekundu za damu, kisha uwahifadhi katika gliseroli kwa nyuzi −80. Kila upasuaji uanze na kichupa kipya kutoka hifadhi hiyo. Bakteria wanaohamishwa kutoka sahani hadi sahani kwa muda mrefu wanaweza kupoteza ukali wao, na kundi la mwisho la wanyama litaonekana kupona kwa dawa yako.

Kiasi cha kupandikiza ndicho kigezo kinachowasumbua watafiti wengi. Bakteria wachache mno mwili huwamaliza wenyewe. Wakizidi mno, huingia katika damu na kumuua mnyama kabla ugonjwa wa mfupa haujajengeka. Katika muundi wa sungura tafiti nyingi zimetumia kati ya bakteria 100,000 na milioni 10, lakini namba hiyo haina maana bila kutaja kama kuna kitu kigeni ndani ya mfupa. Mwaka 1957 Elek na Conen walionyesha, kwenye ngozi ya watu waliojitolea, kwamba uzi wa kushonea hushusha idadi ya Staphylococcus inayohitajika kuleta usaha kutoka mamilioni hadi mamia. Chuma au kipande cha mfupa mfu hufanya kazi hiyohiyo. Kwa hiyo fanya jaribio dogo la awali lenye viwango 3 na wanyama wachache kwa kila kiwango, na uchague kiwango cha chini kabisa kinachoambukiza karibu wote bila kuwaugulisha mwili mzima. Hesabu bakteria kwa kuwapanda kwenye sahani kabla na baada ya upasuaji wa siku hiyo. Kipimo cha ukungu wa maji yenye bakteria ni makadirio tu.

Hatua ya tano: njia ya kuufanya mfupa ukubali ugonjwa

Tangu miaka ya 1880, wakati mtafiti Rodet alipodunga bakteria katika mishipa ya sungura, watafiti waligundua kwamba mfupa wenye afya haukubali maambukizi kwa urahisi. Mwaka 1941 Scheman na wenzake walitumia sodiamu moruati, chumvi ya mafuta ya ini la samaki inayoharibu mishipa midogo ya damu, pamoja na Staphylococcus aureus. Norden akaiboresha njia hiyo mwaka 1970, nayo ikawa kipimo cha dawa nyingi zilizofuata. Kwa panya wakubwa wa maabara, Rissing alitumia asidi ya arakidoniki mwaka 1985.

Njia hizi zinafanya kazi, lakini mwandishi wa mwongozo huu hazipendekezi kwa jaribio jipya isipokuwa kama unalinganisha moja kwa moja na matokeo ya zamani. Hakuna mgonjwa anayeingia hospitalini akiwa amemwagiwa kemikali ya kuua mishipa ndani ya uboho. Uharibifu unaouona kwenye picha unakuwa wa bakteria na wa kemikali kwa pamoja, na huwezi kuutenganisha. Kuna njia mbili bora zaidi. Ya kwanza ni kuacha pini fupi ya chuma cha pua au ya titani ndani ya uboho wa muundi, jambo linalofanana na mgonjwa mwenye chuma kilichoambukizwa. Ya pili ni ile ya Smeltzer na wenzake ya mwaka 1997, ambapo kipande cha sentimita 1 cha mfupa wa kigasha uitwao radiasi hukatwa, hupandikizwa bakteria, kisha hurudishwa mahali pake kikiwa kimekosa damu: kwa maneno mengine, unaanza na sekwestra mkononi. Kwa kuwa sungura ana mfupa wa pili wa kigasha unaobeba uzito, mguu hauhitaji kufungwa vyuma.

Hatua ya sita: upasuaji

Sungura hawezi kutapika, kwa hiyo usimnyime chakula usiku kucha. Kufanya hivyo hukwamisha utumbo wake na kumdhuru zaidi kuliko upasuaji. Mpe dawa ya usingizi aliyoichagua daktari wa mifugo, kwa kawaida ketamini pamoja na medetomidini au zailazini, au isoflureni kwa kuvuta, ukimpa pia dawa ya maumivu kabla ya kukata na si baada ya kuamka. Buprenofini ndiyo ya msingi. Meloksikamu inafaa, lakini dawa za jamii yake zinaweza kuchelewesha uponaji wa mfupa, hivyo zitolewe kwa makundi yote kwa kipimo na siku zilezile.

Nyoa, safisha ngozi, na ufungue upande wa ndani wa sehemu ya juu ya muundi, ambapo nyama ni chache. Toboa kwa kasi ndogo huku msaidizi akimwagia maji ya chumvi baridi, kwa kuwa joto la keekee huua mfupa na kukuletea sekwestra isiyo ya bakteria. Tundu liwe dogo na la mviringo. Pembe kali hupasua muundi mnyama anaporuka. Ondoa uboho kiasi, weka bakteria katika ujazo mdogo usiozidi mikrolita 100 ili wasivuje wala kusukumwa katika damu, ingiza pini, ziba tundu kwa nta ya mfupa, osha na ushone kwa tabaka. Nta nayo ni kitu kigeni, basi iwekwe pia kwa wanyama wasioambukizwa. Wanyama hao wapasuliwe mwanzo wa siku, kabla ya kichupa cha bakteria kufunguliwa, na kwa vifaa vyao peke yao.

Hatua ya saba: uangalizi

Sungura huficha maumivu kwa sababu porini ndiye anayewindwa, hivyo usisubiri alie. Angalia chakula anachobakiza, mavi, mkao wa masikio, kufumba macho na namna anavyoukanyaga mguu, na ujaze fomu ya alama mara mbili kwa siku katika wiki ya kwanza. Kutopata choo kwa saa 24 ni dharura. Kikomo cha kumtoa mnyama kiandikwe mapema: mfano wa kawaida ni kupungua uzito kwa asilimia 15 hadi 20, kuvunjika mguu, au kushindwa kula licha ya dawa ya maumivu.

Hapa pana hatari inayowapata watu waliozoea kutibu binadamu. Amoksilini, ampisilini, lincomaisini na klindamaisini, hasa zikitolewa kwa mdomo, huvuruga bakteria wa utumbo wa sungura, huacha bakteria wa Clostridium wastawi na kutoa sumu, na mnyama hufa kwa kuhara ndani ya siku chache. Klindamaisini ni dawa nzuri ya mfupa kwa mtu, na ndiyo sababu wengi huifikiria kwanza. Kama dawa unayoipima ni ya jamii hiyo, badilisha mnyama.

Hatua ya nane: thibitisha usugu

Subiri wiki 3 hadi 4 baada ya kupandikiza. Eksirei ya wiki ya kwanza haisemi mengi, kwa sababu ni lazima mfupa upoteze sehemu kubwa ya madini yake, karibu theluthi moja au zaidi, ndipo kasoro ionekane kwenye picha. Kufikia wiki ya nne tazamia kuona mfupa ulioliwa, ngozi ya mfupa iliyoinuka na kuota mfupa mpya, na wakati mwingine kipande kilichotengana. Picha zisomwe na watu wawili wasiojua mnyama ni wa kundi gani, kwa fomu ya alama iliyokubaliwa kabla.

Kisha fanya lile ambalo wengi huliruka kwa kuogopa gharama. Siku tiba inapoanza, chagua kwa bahati nasibu wanyama kadhaa na uwatoe uhai kiutu, uhesabu bakteria katika mifupa yao na uitazame kwa hadubini. Matokeo yao ndiyo mstari wa kuanzia. Bila kundi hili hutajua kama dawa iliwapunguza bakteria au iliwazuia tu wasiongezeke, na msomaji makini atalitafuta kabla ya kusoma jedwali lolote lingine.

Hatua ya tisa: tiba na makundi

Mgonjwa wa kweli hatibiwi kwa dawa peke yake; hupasuliwa, mfupa mfu ukaondolewa na jeraha likaoshwa. Iga utaratibu huo. Makundi ya chini kabisa ni wanyama waliopasuliwa bila bakteria, walioambukizwa bila tiba, waliosafishwa mfupa bila dawa, waliosafishwa na kupewa dawa inayotumika sasa, na waliosafishwa na kupewa dawa mpya. Kundi la kusafishwa pekee ndilo linalosahaulika, ingawa mara nyingi usafishaji huleta sehemu kubwa ya nafuu yote. Dozi isikokotolewe kwa kugawa ya binadamu kwa uzito. Sungura huondoa dawa nyingi haraka kuliko mtu, hivyo pima kiwango katika damu na urekebishe mpaka kifanane na cha mgonjwa.

Hatua ya kumi: kipimo cha mwisho

Acha siku kadhaa kati ya dozi ya mwisho na siku ya kuchukua mfupa, kulingana na muda dawa inavyodumu mwilini. Dawa iliyobaki ndani ya mfupa huendelea kuua bakteria kwenye sahani, na utaripoti uponaji ambao haukutokea ndani ya mnyama. Toa muundi mzima bila kugusa ngozi, chomoa pini, itikise kwa mawimbi ya sauti ndani ya maji ya chumvi ili utando wa bakteria ubanduke, na saga mfupa ukiwa umegandishwa kwa naitrojeni kimiminika. Panda viwango mbalimbali na uripoti idadi kwa gramu ya mfupa katika logi ya kizio 10, ukitaja idadi ndogo kabisa unayoweza kuigundua. Sahani zisitupwe baada ya saa 24: koloni ndogo zinazokua polepole, ambazo ni za kawaida katika ugonjwa sugu, zinahitaji siku 3 au zaidi. Nusu ya sampuli au mguu wa mnyama mwingine uende histolojia, yaani uchunguzi wa tishu kwa hadubini. Usijaribu kubana vipimo vyote katika kipande kimoja.

Idadi ya wanyama ikokotolewe kabla. Kama unatarajia tofauti ya logi 2, yaani mara 100, kati ya makundi na mkengeuko sanifu wa logi 1.5, kwa nguvu ya asilimia 80 na kiwango cha 0.05 utahitaji takriban wanyama 10 kwa kila kundi, na 12 ukizingatia watakaotolewa njiani. Kipimo kimoja ni mnyama mmoja. Sahani tano za mfupa uleule haziwi sampuli tano.

Katika ripoti fuata ARRIVE, mwongozo wa kuripoti tafiti za wanyama uliorekebishwa mwaka 2020. Taja kila mnyama aliyeanza, aliyekufa na aliyetolewa, siku na sababu yake, hata kama sababu hiyo ni muundi uliovunjika kwenye tundu lako mwenyewe. Mizoga iteketezwe katika tanuri la taka hatarishi, isizikwe nyuma ya banda wala kupewa mbwa wa ulinzi, hasa pale bakteria waliotumika ni wale wasiouawa na antibayotiki ya methisilini.